Karuhusiwa, lakini aende wapi?

Wengi wetu tunamjua afisa ustawi wa jamii wa hospitali kwa jambo moja: msamaha. Umeshindwa bili, unaelekezwa ofisini kwake, unahojiwa, fomu inagongwa muhuri. Ikija siku kama ile ya maporomoko ya Katesh, mkoani Manyara, msamaha unakuwa kazi yake ndogo kuliko zote.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashukia Katesh na vijiji jirani. Waliokufa walifika 89. Taarifa zilitaja madaktari, dawa na magari ya wagonjwa, na ni haki yake. Ila mfupa ukishaungwa, nani atamwambia mama aliye kitandani kwamba mumewe yuko mochwari? Na atamwambia leo, au baada ya upasuaji?

Chukua mtoto aliyeokolewa kwenye tope, ambaye jina la baba yake analolijua ni "baba" tu. Anatokea mwanamke anasema ni shangazi yake. Huenda ni kweli. Muuguzi amekesha, wodi imefurika, kumkabidhi ni rahisi mno. Afisa ustawi ndiye wa kusema subiri kwanza: amtafute mwenyekiti wa kitongoji, aulize majirani, atazame mtoto anavyompokea huyo shangazi, kisha aandike nani kamchukua na kampeleka wapi. Hanang ina Wairaqw na Wabarabaig, na bibi mzee aliyechanganyikiwa hujieleza kwa lugha ya nyumbani. Mkalimani naye atafutwe mapema.

Sipendi haraka ya kumkalisha mtu kumsimulisha yaliyompata, eti ndiyo ushauri nasaha. Siku ya kwanza anataka simu yenye chaji, kanga kavu, na mtu wa kumsomea orodha ya majina bila kumfokea. Atakayetaka kusimulia atasimulia.

Kisha daktari anaandika "ameruhusiwa". Nyumba imefukiwa, kadi ya bima na kitambulisho vimezama, na dawa za presha alizokuwa nazo zimekwenda na tope. Kumpeleka kwenye kambi iliyo shuleni akiwa na magongo, bila kujua choo kiko umbali gani, ni kumrudisha wodini wiki ijayo. Kwa hiyo mpango wa maafa wa kila hospitali umtaje afisa ustawi kwenye zamu ya saa ya kwanza, pamoja na wa kumpokea akichoka, maana naye huenda ana ndugu kwenye orodha ileile anayoisoma.