Twiga Mwenye Mioyo Mitatu

Nianze kwa kujitetea: nilikuwa mgeni, nilikuwa peke yangu sebuleni, na gazeti lilikuwa wazi.

Baba mkwe wangu hujaza chemshabongo ya gazetini kila siku ya Mungu. Hajazi kama mimi na wewe, ambao tukikwama kidokezo cha tatu tunahamia habari za michezo. Yeye huchonga penseli kwa wembe, akavaa miwani, akakaa na ule mraba kama hakimu na faili la kesi. Akimaliza huukata kwa mkasi na kuuhifadhi, na jibu likimkuna huliandika kwenye daftari pamoja na kisa chake. Nimewahi kulichungulia lile daftari. Humo nilijifunza kwamba hata jina la mchezo huu kwa Kiingereza ni kosa. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo lake la kwanza kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913 akaliita "Word-Cross". Wiki chache baadaye wapanga chapa wakayageuza maneno, likatoka "Cross-Word", na hakuna aliyejisumbua kulirudisha. Pembeni mzee ameandika: "Kosa likikaa sana huwa jina."

Shikilia hapo, nitarudi.

Siku hiyo mzee alikuwa ameenda kujinyoosha kidogo. Gazeti juu ya meza, penseli juu ya gazeti, miwani juu ya penseli. Nikasema natazama tu, macho hayana pazia.

Alikuwa amebakiza kona moja ya chini. Kutoka juu ilishuka MOSCOW, mji ulioungua mwaka 1812 Napoleon alipouingia. Hatua chache kulia kwake ikashuka ZUHURA, sayari ambayo siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake: hulizunguka jua kwa siku 225 za kwetu, lakini kujigeuza yenyewe mara moja tu inaichukua 243. Mwenye nyumba wa huko angekuja kudai kodi ya mwaka kabla sayari haijamaliza kugeuka. Hapo nilisimama, nikacheka peke yangu, na ndipo shetani alipopata nafasi ya kukaa.

Chini ya hayo mawili palikuwa na kidokezo: "14 Kulia. Mnyama mwenye mioyo mitatu (5)." W ya Moscow ilikuwa imetua kwenye nafasi ya pili, A ya Zuhura kwenye ya mwisho.

Sasa mimi nina kipaji kimoja: kukumbuka nusu ya kila nilichosoma. Nilikumbuka wazi kabisa kwamba kuna mahali nilisoma habari ya ajabu kuhusu moyo wa twiga. Na ukifikiri, inaingia akilini. Shingo yote ile, damu ipande mpaka kichwani, moyo mmoja utaweza? Hata maji ya ghorofani husaidiwa na pampu. TWIGA! Herufi tano. W ipo. A ipo. Joto la ushindi likanipanda hadi masikioni.

Kitabu cha kwanza cha mafumbo ya namna hii, walichotoa Simon & Schuster mwaka 1924, kiliuzwa kikiwa na penseli yake. Wachapishaji wale walishanijua kabla sijazaliwa. Penseli ya mzee ilikuwa pale pale chini ya miwani. Mimi nikachomoa kalamu ya wino mfukoni, ya bluu, nikaandika TWIGA kwa herufi kubwa, nikakandamiza.

Kosa la kwenye mraba halikai peke yake, huita ndugu zake. T ile ilikuwa mwanzo wa neno linaloshuka: "Samaki asiye na mfupa hata mmoja (4)." Jibu ni papa, ambaye mwili wake wote umeshikiliwa na gegedu. Lakini mimi nilikuwa na T, na T ilikuwa yangu, nimeiandika kwa wino. Nikaweka TASI. Kama umewahi kuchomwa na miiba ya tasi, nisamehe taratibu.

Kisha G: "Hupakwa kwenye bati lisishike kutu (5)." Mwishoni palikuwa na I, iliyoachwa na NZI aliyepita huko chini. "Gundi," nikasema kwa sauti, bila aibu, wala sikujiuliza ni lini niliona paa linanata. Kazi hiyo ni ya zinki, nayo huifanya kiungwana: hukubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kilicho ndani kisalimike.

D ya gundi ikazaa kitinda mimba wa ukoo huu: "Ndege mwenye matundu ya pua kwenye ncha ya mdomo (4)." Nikakumbuka, nusu kama kawaida yangu, kwamba New Zealand kuna ndege asiyeruka ambaye jina lake linaishia na -iwi. Nusu hiyo ilinitosha. DIWI.

Nikaegemea kiti, nikatoa simu nisome kidogo maisha ya diwi.

Intaneti nzima haina diwi. Nikapata wasiwasi wa mbali, ule wa mtu aliyesikia maji yanatiririka na hakumbuki kama alifunga bomba. Nikatafuta mioyo ya twiga. Mmoja. Habari ya ajabu niliyosoma ilikuwa kwamba moyo huo mmoja husukuma damu kwa shinikizo karibu mara mbili ya letu. Mwenye mitatu ni pweza. P, W, E, Z, A. W ipo, A ipo. Na kumbe hata swala angeenea hapo, na hata bwana, lakini mimi sikuuliza mtu.

Nikaanza ukarabati. T niliichorea tumbo ikawa P, ukiitazama kwa huruma. I niliiongezea vijiti ikawa E. G ikakataa katakata. G haiwi Z hata uilipe. Nikalowesha kidole kwa mate nikasugua, polepole, kisha si polepole, na karatasi ya gazeti unaijua. Tundu likafunguka, nikaona kitambaa cha meza.

Ndani ya droo kulikuwa na kile kichupa kidogo cha gundi kali, ile inayoshika kabla hujamaliza kufikiri. Mpango wangu ulikuwa mzuri, hadi leo nautetea: kata kiraka kwenye gazeti la jana, kibandike kwa nyuma, chora visanduku upya. Tatizo lilikuwa idadi ya vidole. Kiraka kilishika gazeti, kidole cha shahada kikashika kiraka, na dole gumba likaja kusaidia.

Mlango ukafunguka.

"Shikamoo, baba," nikasema, nikasimama kwa heshima, na gazeti likasimama pamoja nami.

"Marahaba." Akaokota miwani yake mezani, akaivaa, akanitazama. "Umelishika gazeti langu, au limekushika?"

Mwaka 1944 huko Uingereza, mwalimu Leonard Dawe, aliyekuwa akitunga mafumbo ya Daily Telegraph, alijiwa na maofisa wa MI5, idara ya usalama ya nchi hiyo. Kabla tu ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia, maneno ya siri ya operesheni ile, kama UTAH, OMAHA na OVERLORD, yalikuwa yametokea kwenye majibu yake. Walimhoji, wakamwachia. Yeye lakini alihojiwa akiwa na mikono miwili huru.

Mzee alininyanyua mkono kwa ncha ya penseli, akasoma.

"Twiga ana mioyo mitatu?"

"Mmoja, baba. Nimeshaangalia."

"Na tasi hana mfupa?"

"Nilikuwa na T, baba."

"Gundi inazuia kutu?" Akatazama vidole vyangu. "Kweli, hii naona inazuia kila kitu." Akashuka mstari. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mwanangu, diwi ni nani?"

Nilijaribu kujikinga kwa historia. Nikamwambia kwamba mwaka 2016, katika jumba la makumbusho la Nuremberg, Ujerumani, bibi mmoja wa miaka 90 na kitu alijaza kwa kalamu mraba ambao kumbe ulikuwa kazi ya sanaa ya thamani kubwa, na wala hakufungwa.

"Yule kazi yenyewe ilimwandikia ajaze," mzee akasema. Kumbe kisa kimo daftarini. "Wewe nani alikuandikia?"

Mke wangu akaja na chupa ya kuondolea rangi ya kucha. Asetoni iliyomo huyeyusha gundi ya aina ile, hilo alikuwa sahihi. Ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba huyeyusha pia wino wa kalamu. Vidole vikaanza kuachia, na kutoka kwa TWIGA ukatiririka mto wa bluu, ukapanda na mikunjo ya karatasi, ukaingia mjini. Moscow ikateketea mara ya pili.

Muda wote huo, wakati mke wangu ananichambua dole gumba huku mabega yanamtikisika kwa kicheko cha kimya, mzee alikaa mkono wa kiti akinipa darasa. Pweza, akasema, mioyo miwili husukuma damu kwenye matamvua anayopumulia, wa tatu huipeleka mwilini. Huu wa tatu husimama anapoogelea, ndiyo maana huchoka haraka na hupendelea kutambaa. Na damu yake ni ya bluu, kwa sababu inayobeba oksijeni humo ni shaba, si chuma kama yetu. Akakitazama kiganja changu.

"Wewe huna shaba mwilini kweli?"

Gazeti halikuokoka. Kwenye faili, mahali pa tarehe hiyo, amebandika kile kiraka changu. Mraba mtupu wa vidole viwili, na alama ya dole gumba katikati, mistari yote inasomeka.

Wiki mbili baadaye simu ikaita usiku. Mzee. Nikashtuka, maana huwa hapigi usiku.

"Nimekwama, mwanangu, nisaidie. Ndege wa New Zealand, haruki, herufi nne."

Nikafurahi mno. Nimesamehewa, nimepandishwa cheo, naombwa ushauri. Nikasafisha koo.

"Kiwi, baba."

Kimya. Nikasikia penseli ikigongagonga meza.

"Haiingii," akasema. "Yangu inaanza na D."

Na kabla hajakata, nikasikia nyumba nzima inacheka nyuma yake, na sauti ya mama mkwe ikiuliza: "Diwi amesemaje?"