Ekseli Mpya Ikishafungwa, Usikimbilie Alaimenti

Kuna ugonjwa umeingia kwa wenye magari ya fowili hapa Dodoma, na sidhani kama mafundi peke yao ndio wa kulaumiwa. Mtu anatoa ekseli ya mbele iliyokuja na gari, anafunga nyingine nene zaidi, anainua springi, anavalisha matairi ya inchi 33, halafu siku ya kwanza kwenye lami ya Kondoa gari linaanza kutangatanga. Fundi anamwambia, "Bosi, peleka alaimenti, hapo kwishnei." Anapeleka. Mashine inapima mkao wa matairi, karatasi inatoka safi kabisa. Gari linatangatanga vilevile.

Msimamo wangu ni huu: kwenye ekseli nzima, alaimenti ndiyo kazi ya mwisho, tena ndogo kuliko zote. Ekseli ya namna hiyo ni bomba moja la chuma, gurudumu hadi gurudumu. Gari likishapanda kwenye mashine, kitu pekee ambacho fundi anaweza kukigusa kwa spana ni urefu wa tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, yaani matairi hayo yaelekeane kiasi gani. Hapo tunazungumzia milimita chache, na unaweza kuzipima mwenyewe uani kwa chaki na futi kamba. Tairi kulala kwa ndani au kwa nje hakuna nati ya kukusaidia. Kiwanda kilishaamua, na kama limelala vibaya basi ama ekseli imepinda au beringi za kingpini, zile pini ambazo gurudumu hugeukia, zimekwisha.

Kesi kubwa ni kasta, yaani mwegemeo wa mstari ambao gurudumu hugeukia. Tazama baiskeli: foki ya mbele imeegemea nyuma kidogo kwa juu, ndiyo maana kijana anaachia mikono barabarani na baiskeli inanyooka tu. Gari nalo ni hivyo. Chora kichwani mstari unaopita kingpini ya juu na ya chini. Mstari huo unatakiwa uegemee nyuma kwa juu. Land Cruiser 80, kwa mfano, inakaa kwenye nyuzi 3 hivi. Sasa ukiinua gari la springi za koili, mikono inayoshika ekseli inaelekea chini, ekseli inazunguka, na zile nyuzi zinayeyuka. Dalili ya kwanza watu huipokea kwa furaha: stelingi inakuwa laini! Jamaa anazunguka nayo mjini kwa kidole kimoja, anasifia kazi. Hajaona kwamba akitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe, mpaka aurudishe yeye.

Kwenye springi za bapa mambo hayana tofauti kubwa, ila kosa huwa linazaliwa kwenye kuchomelea. Viti vya springi vinapigwa weldingi kwa kukadiria kwa macho, ekseli ikiwa imelazwa juu ya magogo, na nyuzi 2 zinapotea hapo hapo bila mtu kujua. Dawa ya haraka ni kuweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Inafanya kazi, siipingi. Lakini ukizungusha ekseli yote kutafuta kasta, pua ya difu, lile boksi la gia kwenye ekseli, nayo inainama, na siku ukiweka fowili propela shafti ya mbele inaanza kuunguruma kwa sababu viungo vyake vimepinda kupita kiasi. Kazi ya kweli ni kukata weldingi ya vichwa viwili vya ekseli, vile vinavyoshika kingpini, kuvizungusha vyenyewe huku difu ikibaki pale pale, kisha kuvichomelea upya kwa mtu anayejua kuchomelea chuma kinachobeba roho za watu. Bei inapandia hapo, na mafundi wengi hunyamazia hapo.

Jamaa yangu mmoja ana Hilux double cabin. Alitoa miguu ya mbele ya independenti, ile ambayo kila gurudumu linajitegemea, akaweka ekseli nzima ya Land Cruiser na koili. Akiwa anarudi kutoka Kondoa, kabla ya kuingia Haneti, alipita zile rasta za kupunguza mwendo akiwa kwenye 70 na kitu. Upande wote wa mbele ukaanza kutikisika, usukani ukimnyang'anya mikono, na haukuacha mpaka gari liliposimama kabisa. Aliyewahi kukutwa na hali ile anajua, aisee, huoni kioo, huoni barabara. Gereji aliyokimbilia ikamuuzia dampa ya stelingi, kifaa cha kupunguza mtikisiko wa usukani. Ikatulia kwa muda. Ikarudi.

Nikaingia chini ya gari, nikamwomba awashe injini na awe anautikisa usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, matairi yakiwa yamekanyaga chini. Ukaguzi huo hauhitaji mashine yoyote, mtu mmoja wa kukaa ndani tu na macho yako. Unafuata kutoka stelingi boksi, kiungo kwa kiungo, ukitafuta mahali ambapo kimoja kinasogea kabla ya mwenzake. Tairodi ilikuwa nzima. Viungo vizima. Nikafika kwenye panadi, ile fimbo inayoizuia ekseli isiende pembeni. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda kila mahali, isipokuwa kuzunguka bolti inayoishika panadi kwenye chesesi. Pale chuma kilikuwa kinang'aa, duara jembamba kama limepigwa msasa. Tundu lilikuwa limelika likawa na umbo la yai. Kila usukani ulipogeuka, bolti ilitembea kwanza, ndipo fimbo ikafuata. Kishikizo kilichochomelewa kilitobolewa tundu kubwa kuliko bolti.

Hiyo dampa ilikuwa inafunika bolti iliyolegea! Sina ugomvi na dampa; magari mengi yanatoka kiwandani nayo, na kwenye mawe inasaidia mikono. Lakini kuifunga ili izime mtikisiko ambao chanzo chake hakijatafutwa ni kumpa mgonjwa panadoli kisha kumruhusu aendeshe. Na gereji inayofanya hivyo inajua inachofanya.

Lilikuwepo na la pili. Fimbo inayoshuka kutoka stelingi boksi na panadi zinatakiwa zilale kwa pembe moja, na urefu wake usiachane sana, ili gari likipanda na kushuka zote mbili zichore njia moja. Kwake panadi ilikuwa karibu imelala sawa, wakati ile nyingine imesimama kama ngazi. Kwa hiyo kila tuta lilikuwa linakata kona peke yake, dereva ametulia. Hili halitokei kwenye karatasi ya alaimenti hata kidogo, kwa sababu mashine hupima gari likiwa limesimama.

Ninapotaka kuwafahamisha watu uzito wa kazi hii huwa nawatajia Toyota wenyewe. Mwaka 1999 walipotoa springi za bapa mbele ya Land Cruiser 70 na kuweka koili, waliweka pia mikono ya kushika ekseli na panadi, kwa sababu springi ya bapa ilikuwa inafanya kazi zote hizo kimyakimya. Mwaka 2007 wakapanua mbele ili injini ya V8 ienee, nyuma wakaiacha nyembamba kwa karibu sentimita 10, na wenye magari hayo wakaanza kulalamika kwamba kwenye mchanga matairi ya nyuma hayafuati njia ya mbele. Kama kiwanda chenye wahandisi kinaacha kasoro, kazi ya siku mbili chini ya mwarobaini tuikague mara ngapi?

Kwa hiyo nikiulizwa, ushauri wangu unaanzia kwenye vya bei nafuu: balansi ya matairi, upepo, nati za rimu. Kisha inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, fungua kingpini, badilisha beringi na ukaze kwa kipimo. Uzito wa kugeuza nako hupimwa kwa mizani ya ndoano, siyo kwa "naona imekaza". Rimu zinazotokeza sana nje nazo zinaupa kila mtikisiko nguvu ya ziada. Baada ya hapo kasta, fimbo, na mwisho kabisa alaimenti. Na majaribio yasiishie mzunguko wa Nyerere Square. Peleka gari mlima wa Saranda, shuka nalo ukikanyaga breki, maana springi za bapa zikijipinda kwa breki ekseli huzunguka na kasta hupungua pale pale unapoihitaji.

Hilux ya jamaa ilitobolewa upya kishikizo, panadi ikapandishwa upande wa chesesi mpaka ikafanana pembe na mwenzake, na vichwa vya ekseli vikazungushwa. Sasa inapita Haneti bila kelele. Juzi kanipigia simu, anataka kupandisha tairodi juu ya ekseli ili isigonge mawe ya makorongoni. Nimemwambia akigusa fimbo moja pembe zote zinapimwa upya, na panadi inaweza kumdai kishikizo kingine. Akasema atanipigia.