Kimfuko kichanwe mbele yangu, hiyo nayo ni dharau?

Juzi, huku ughaibuni ninakoishi, nilienda kuzibwa gego. Jino lenyewe la kawaida tu, halikuwa na maajabu, kilichonifanya nikae niandike haya ni kimfuko. Msaidizi wa daktari alivua glovu alizokuwa nazo, akanawa, akavaa zingine, akachukua kimfuko upande mmoja karatasi upande mwingine plastiki, akakigeuza nikione, akakichana palepale mbele yangu, chwaaa, kikatoka kioo na kile kichuma chenye ndoano. Pembeni kulikuwa na kimstari cha rangi nikauliza cha nini. Wala hakunikata jicho. Akasema hiki kabla ya kuingia kwenye mashine ya mvuke kilikuwa cha pinki, sasa kimekuwa kahawia, ujue kimepita kwenye moto. Basi, akaendelea na kazi yake.

Nikabaki mdomo wazi, kwa maana zote mbili, nawaza nyumbani.

Mnajua mnachokijua. Koleo limelazwa kwenye trei yenye maji ya rangirangi ambayo hakuna ajuaye yamewekwa lini. Aliyetangulia anatoka anang'ata pamba, unaitwa wewe, kiti hakijapoa. Glovu zilizotoka mdomoni kwa mtu ndo zinafungua droo, ndo zinapokea simu, ndo zinakuja kwako. Na wewe umenyamaza kama umemwagiwa maji, maana ukiuliza tu "samahani daktari, hivi vimechemshwa?" utatazamwa kama umemtukania mama yake.

Haya najua mtu keshaanza kuandika: huyu kapanda ndege mara moja tu keshajifanya anawajua madaktari. Subiri kwanza ndugu yangu. Sijasema madaktari wetu hawajui kazi. Gego langu la mwisho nililing'olea nyumbani, umeme umekatika, nesi anammulikia kwa tochi ya simu, na yule daktari mzee alilitoa zima bila kuacha hata kipande, sikuvimba, siku ya tatu nilikuwa natafuna kama mbuzi. Huku ukisema jino la mwisho linauma unapewa miadi ya mwezi ujao, fomu kurasa nne, na ukifika unaulizwa mara tatu kama una mzio wa dawa. Kwa mikono wetu wako juu, hapo sibishani na mtu. Mimi nalalamikia kitu kimoja tu: kwa nini mgonjwa haruhusiwi kuona?

Kuna anayesema vifaa si vinapitishwa spiriti au vinachemshwa, unataka nini tena. Sasa hapo ndo pa kuelewana. Maji yakichemka ni nyuzi 100, na kuna bakteria wana mbegu ngumu hizo nyuzi 100 wanaoga tu. Spiriti nayo haiziwezi. Ndo maana kuna otoklevu, mvuke ulioshindiliwa kwa presha, nyuzi 121 kwa dakika kama 15 au 134 kwa dakika 3 hivi, na kabla ya hapo kifaa kiwe kimesuguliwa damu yote, maana mvuke haupenyi uchafu uliogandia. Na virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kukaa nje ya mwili, kwenye meza au kwenye chuma, siku 7 na bado vikaambukiza. Siku saba jamani! Halafu mtu ananiambia "mbona wewe ulitibiwa huku nyumbani miaka yote na hukufa". Homa ya ini haibishi hodi, unaweza kutembea nayo miaka hujui, siku unayoijua ni ini lenyewe linalokwambia.

Lingine ni ile drili. Watu wanaogopa mlio wake, mi siku hizi naogopa maji yake. Yanapita kwenye vimrija vyembamba, yakilala humo yanaota utando wa vijidudu. Mwongozo wa Marekani wa 2003 unataka baada ya kila mgonjwa drili iachwe itoe maji na hewa sekunde 20 hadi 30, halafu kile kichwa chake kinachoshikwa mkononi kichomolewe kikapikwe kwenye mashine, kufutwa tu hakutoshi. Na kichupa cha ganzi ni cha mtu mmoja, kikibaki nusu kinatupwa, hata kama sindano utabadilisha.

"Gharama, dada, gharama." Nakubali, otoklevu sio sufuria, na umeme wenyewe tunaujua. Ila kubadilisha glovu? Kuacha maji yatiririke nusu dakika? Kuchana kimfuko mbele ya mgonjwa badala ya nyuma ya pazia kunakula umeme gani?

Na msidhani huku ni malaika. Kuna kliniki moja hukuhuku, daktari alibonyeza kompyuta na glovu zake halafu anakuja nazo mdomoni, nikafunga mdomo, nikamwonyesha kidole kwenye glovu. Akacheka, akabadilisha, akasema asante. Asante! Nilikaa naifikiria hiyo asante wiki nzima kuliko hata jino. Hata kile kimstari nimekuja kujua hakitoshi chenyewe, kinasema tu kimfuko kimepata joto, mashine inatakiwa ipimwe kila wiki kwa hizo mbegu ngumu za bakteria kuonekana kama zinakufa kweli. Kwa hiyo hata huku nauliza, na nitaendelea kuwa kero.

Sasa wiki iliyopita mdogo wangu jino limemkaba, nikampigia nikamwambia kabla hujapanua mdomo muulize vifaa vimetoka kwenye mashine lini. Akaniambia dada, wewe unataka ning'olewe jino au nifukuzwe? Nikamwambia sema umetumwa na dada yako mkorofi. Akauliza. Daktari wala hakukasirika, kamshika mkono kampeleka chumba cha nyuma, mashine ipo, mpya, inanguruma, vimfuko vimepangwa kama vitabu. Kasema hakuna mgonjwa amewahi kuniuliza.

Nilifurahi halafu nikakasirika. Yaani kitu kizuri kama hicho unakificha nyuma ya mlango kama chungu cha mganga, halafu sisi tunakaa kwenye benchi tunatetemeka bure?

Dogo kanitumia picha ya kimfuko akiwa kitini, mdomo umeshakufa ganzi, kaandika: "Dada hii ni kahawia au bado pinki? Hapa taa yao ya njano, sioni."