Waondoke, halafu?

Mwandishi wa makala yenu anataka majeshi ya kigeni yaondoke Kongo, kila nchi imalize ugomvi wake yenyewe. Ndugu, huku Kigoma ugomvi huo hutufikia kwa boti: watoto wamelowa chapachapa, mama kaokoa sufuria tu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996! Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliiruhusu brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kushambulia, na waasi wa M23 wakatimuliwa kabla mwaka haujaisha. Kumbe inawezekana. Ubaya ni kupeleka askari halafu kuwafunga mikono. Na vijana wetu, walinda amani waliouawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 2017 (makala haikuwataja hata kwa mstari mmoja) walikuwa wanamlinda nani kama si raia? Mji wa Goma ulipotekwa tena na M23 Januari 2025, ni serikali gani iliyomaliza ugomvi wake yenyewe?