Lafudhi Si Pasipoti: Uraia wa Muha Ndani ya Basi

Basi la asubuhi la Kasulu kwenda Kibondo likisimama kwenye kizuizi, abiria hawangoji kuambiwa la kufanya. Mikono inaingia mifukoni, kwenye pochi, kwenye pindo la kanga lililofungwa fundo. Mwenye kitambulisho cha Taifa anakinyoosha mapema ili yaishe. Asiye nacho anaanza kujieleza: namba ninayo, kadi bado haijatoka. Hapo ndipo maofisa wanapoacha kusikiliza anachosema na kuanza kusikiliza anavyosema. Ikisikika lafudhi ya Kiha, lugha yetu Waha wa Kigoma, anashukiwa kuwa Mrundi, na maswali yanamwacha yeye na kumfuata baba yake, kisha babu yake: alizaliwa wapi, kazikwa wapi, nani anamjua.

Sisi wa Kigoma jambo hili tunalizungumza kwa hasira, na hasira hiyo ina sababu. Ila upande wa pili nao una maneno yake, na tusipoyasikiliza tutabaki kulalamika vijiweni.

Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini wanaikumbuka barabara hii. Vita ya Burundi ilipolipuka mwaka 1993 watu walivuka kwa maelfu, na bunduki zikavuka nao. Mabasi yalitekwa porini, ikabidi yaende kwa msafara yakisindikizwa na askari wenye silaha. Ziwani wavuvi wakaporwa injini za boti. Mtu aliyewahi kulazwa kifudifudi kando ya barabara huku akipekuliwa hadi soksi, humwambii kwamba kizuizi ni uonevu mtupu. Kwenda mnadani na kurudi na hela yako mfukoni nako ni uhuru.

Halafu kuna mpaka wenyewe. Manyovu na Mabamba kuna ofisi, lakini kwingineko ni mabonde, mashamba na vijia vya miguu ambavyo mtoto wa shule anavijua. Wala sisi wananchi si mashahidi wa kutegemewa sana. Tunawaita Warundi kwa vibarua vya maharage na mihogo kwa kuwa ujira wao ni mdogo, tunanyamaza msimu mzima wa kulima, na husemwa kwamba wapo wanaowachongea siku ya malipo inapofika. Mwenyekiti anayeandika barua ya utambulisho huenda ana shemeji zake ng'ambo. Serikali ikisema haiwezi kuegemea barua hizo peke yake, sioni ilipokosea.

Hata Katiba haikatazi ukaguzi. Ibara ya 17 inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini, na ibara hiyohiyo inakubali sheria iweke mipaka. Ibara ya 30 inasisitiza kwamba haki ya mmoja isiingilie haki za wengine wala maslahi ya umma. Haki hizi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Mahakama ya Rufani ikaweka kipimo ambacho nakipenda kwa wepesi wake: sheria inayobana haki iwe na kinga dhidi ya matumizi ya kiholela, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo lake.

Sasa kipimo hicho tukipandishe ndani ya basi. Lengo ni halali, yaani kumpata mhalifu na aliyeingia bila kibali. Njia ni lafudhi. Hapa hoja ya dola inaishiwa pumzi, maana Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na mtu wa Buhigwe anaongea na wa ng'ambo bila mkalimani. Kumtafuta Mrundi kwa lafudhi ni kama kumtafuta mwizi kwenye mwalo wa Kibirizi kwa harufu ya dagaa.

Tena inakosea mara mbili. Mwaka 2014 Serikali ilitoa uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa kundi la wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, wale wa makazi ya Katumba na Mishamo kule Katavi, na Ulyankulu kule Tabora. Yupo basi Mtanzania kamili, mwenye cheti, aliyezaliwa Burundi na anayeongea Kirundi nyumbani kwake. Lafudhi inamsingizia Muha, na huyu pia inamsingizia.

Swali la babu nalo ni gumu kuliko anavyodhani anayeliuliza. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Wabelgiji wakaichukua Kigoma mwaka 1916 na hawakuiachia kwa Waingereza hadi 1921. Mzee aliyezaliwa Kasulu mwaka 1918 alizaliwa chini ya Mbelgiji, sawasawa na mwenzake wa Burundi, na hakuna aliyemwandikia karatasi. Leo mjukuu wake anadaiwa karatasi hiyo.

Nani basi abebe mzigo wa kuthibitisha? Mwezi Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kesi ya mwanaume aliyekwenda polisi Babati kuanza taratibu za ndoa, akaishia kutiliwa shaka uraia wake, kunyang'anywa pasipoti na kufukuzwa hadi Kenya. Kenya nayo ikamkataa, akakwama katikati ya mpaka. Mahakama ilisema kwamba mtu akiwa na nyaraka zilizotolewa na mamlaka za nchi yenyewe, nchi ndiyo ithibitishe kuwa si raia. Kumbuka masharti hayo. Mahakama haikusema asiye na chochote apite tu. (Tanzania ilijiondoa mwaka uliofuata kwenye utaratibu wa mtu binafsi kuipeleka moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mlango umefungwa, lakini hoja haijafa.)

Atakayeuliza kuhusu asiye na nyaraka kabisa anauliza swali zuri. Lakini wengi kwetu hawana kadi kwa sababu uhakiki wa uraia mikoa ya mpakani ni mrefu. Aliyechelewesha kadi ndiye anayekuadhibu kwa kukosa kadi? Na bila namba ya kitambulisho hicho leo hata laini ya simu huwezi kusajili.

Mimi sitaki kizuizi kiondolewe. Nataka kibadilishwe kinachotokea pale. Wakala wa laini za simu, yule anayekaa chini ya mwavuli Mwandiga, anaweka kidole chako kwenye kimashine na anapata jibu la NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya Taifa, papo hapo. Kizuizi chenye bunduki na gari la Serikali kinashindwaje? Na anayeshushwa aandikwe kwenye daftari: jina, saa, sababu, jina la ofisa, naye apewe nakala. Kitambulisho kisichukuliwe bila stakabadhi. Ofisa anayejua kwamba sababu yake itasomwa na mtu mwingine hataandika "lafudhi".

Najua watakaonigeuzia kibao: kidole kwenye kila kizuizi ni Serikali kujua kila safari yako, na ibara ya 16 inalinda faragha. Wana hoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ila sitegemei sana sheria ambayo mtu wa Kakonko hajaisikia. Kidole kikishajibu, rekodi ya swali ifutwe, libaki daftari la walioshushwa tu. Kwa shingo upande nakubali kidole kuliko babu.

Linabaki jambo dogo ambalo mijadala ya Katiba huliruka. Aliyeshushwa akionekana baadaye kuwa raia, huachiwa, tena pengine kwa heshima. Lakini basi halimngoji. Nauli imeliwa, kliniki imefungwa, dagaa zilizokuwa kwenye kapu zimechacha, na hakuna dirisha lolote pale kizuizini la kudai hata shilingi mia.