Mazoezi hospitalini: nani ataandika dozi?

Wazo la kuingiza mazoezi ya mwili katika matibabu, utafiti na mitaala ya udaktari huwachosha madaktari wengi, na sababu zao zina uzito. Foleni ni ndefu, na mgonjwa ameshaambiwa "fanya mazoezi" mara nyingi bila kubadilika. Tena, ushahidi mwingi, tangu mtafiti Jerry Morris alipolinganisha madereva, wanaoshinda wamekaa, na makondakta, wanaotembea kutwa, wa mabasi ya London mwaka 1953, unatokana na kuangalia watu ambao tayari wanaishi tofauti. Asiyetembea akifa mapema, huenda ugonjwa ndio uliomkalisha. Hata majaribio ya kugawa watu kwa kura hayakuleta ushindi kila mara. Jaribio la Generation 100 la Norway, lililochapishwa 2020, liliwafuatilia wazee zaidi ya 1,500 kwa miaka 5 bila kuona tofauti ya wazi ya vifo (ingawa hata kundi linganishi lilikuwa la watu wachangamfu).

Ila jaribio la CHALLENGE la mwaka 2025 halijasomwa kwa utulivu linaostahili. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza tibakemikali, waligawanywa makundi mawili. Kufikia mwaka wa 8, waliokadiriwa kuwa hai ni asilimia 90.3 katika kundi la mazoezi na 83.2 katika lile jingine. Pengo hilo la 7.1 maana yake ni kwamba, kwa kila wagonjwa 14 walioingizwa kwenye programu, mmoja zaidi aliokoka. Zipo dawa ghali za saratani zilizopokewa kwa shangwe kwa faida ndogo kuliko hiyo.

Sasa tazama hilo kundi jingine lilipewa nini: vijitabu vya elimu ya afya, vikihimiza mazoezi na lishe. Hicho ndicho kliniki nyingi hukiita ushauri wa mazoezi. Kundi la kwanza lilipata vijitabu hivyohivyo, na juu yake likapata mtu: vikao vya kila wiki mbili na mazoezi chini ya usimamizi miezi 6 ya mwanzo, kisha vikao vikapungua hadi kimoja kwa mwezi, mpaka miaka 3 ikatimia. Lengo lilikuwa kuongeza kama dakika 45 hadi 60 za kutembea kwa haraka, mara tatu au nne kwa wiki. Basi daktari anayesema ushauri mtupu hausaidii ana ushahidi mkononi. Ila ushahidi huohuo unamkatalia kuyatupa mazoezi yenyewe.

Jaribio lina mipaka yake. Kuandikisha wagonjwa hao kulichukua miaka 15, walioshindwa kipimo cha mwendo hawakuingia, na maumivu ya misuli na viungo yaliwapata asilimia 18.5 ya kundi la mazoezi dhidi ya 11.5 ya lile jingine. Tiba yenye nguvu ina madhara, na ndiyo maana inahitaji dozi.

Kuandika dozi si kazi ya saa nzima. Maswali ni mawili: siku ngapi kwa wiki, na dakika ngapi kila siku? Zidisha. Siku 3 kwa dakika 20 ni 60, chini sana ya 150 za chini zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mazoezi ya wastani. Kisha andika aina, mara ngapi, muda na ukali. Asiyezoea aanze na dakika 10, siku 5, akiongeza kidogo kidogo kila wiki. Ukali uwe ule anaoweza kuongea lakini hawezi kuimba. Makosa huanzia hapa: kumpa lengo la mapigo ya moyo mtu anayetumia dawa za beta-bloka, ambazo huyashusha mapigo hata akijitahidi, kumruhusu anayejidunga insulini aanze na sukari chini ya 5 mmol/L bila kula wanga kwanza, kumnyanyulisha vyuma vizito huku akibana pumzi mtu ambaye kisukari kimemharibu retina (utando wa nyuma ya jicho).

Mwanafunzi wa udaktari anajua misuli inavyotumia glukosi, lakini ni nadra kuulizwa kwenye mtihani wa vitendo amwandikie mgonjwa wa moyo programu ya wiki 4. Kisichotahiniwa hakisomwi. Watafiti nao huripoti "mazoezi ya wastani" bila kusema wangapi waliyafanya hadi mwisho, kana kwamba mtu angechapisha jaribio la dawa bila miligramu.

Pale wenye shaka wanapobaki na hoja nzito ni kwenye rufaa: dozi ikishaandikwa, mgonjwa anaipeleka kwa nani? Hospitali yenye fedha za kuanza na kitu kimoja ingeajiri msimamizi wa mazoezi kabla ya kuandaa semina ya madaktari. Semina bila huyo mtu itazalisha vijitabu vingine, na matokeo ya vijitabu tunayajua.