Mfilipino wa Houston ana haki ya kuusifu ubepari

Kusajili kampuni ndogo Texas ni fomu moja, namba 205, na dola 300 kwa ofisi ya Katibu wa Jimbo. Cheti kikitoka, mwenye namba ya hifadhi ya jamii anaingia kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato ya Marekani, anajibu maswali machache, na namba ya kodi ya biashara inatoka papo hapo bila malipo. Asiye na namba yoyote ya mlipakodi ya Marekani hujaza fomu SS-4, ya kuombea namba hiyo ya biashara, na kuituma kwa faksi au posta, na hapo subira inahitajika. Lakini hakuna popote anapoulizwa ni mtoto wa nani au nani amemtuma.

Wafilipino wa Houston, ambao wengi waliingia Marekani kwa njia ya uuguzi, wakiusifu ubepari ndicho wanachokisifu. Sisi wa Afrika Mashariki tunaoishi nao jirani huku ughaibuni tunaelewa haraka, maana kuzungushwa ofisini tunakujua.

Nyumbani kwao Ufilipino, tuseme jijini Quezon City, anayetaka kufungua duka dogo la mtaani, lile ambalo Mtanzania angeliita duka la Mangi, anaanza kwa kusajili jina Wizara ya Biashara na Viwanda. Hatua hii ni nyepesi. Inafanyika mtandaoni kwa peso 200 kama jina litatumika ndani ya barangay moja, yaani mtaa mmoja, hadi peso 2,000 kwa nchi nzima, na usajili unadumu miaka 5. Shughuli yenyewe inafuata. Serikali ya barangay itoe kibali chake. Kisha cheti cha kodi ya mkazi, mkataba wa pango, kibali cha afya, cheti cha ukaguzi wa zimamoto, ndipo leseni ya meya, halafu mamlaka ya mapato kwa vitabu vya hesabu na ankara.

Mambo hukwama zaidi kwenye jengo. Mwenye nyumba hana kibali cha matumizi ya jengo, zimamoto hawapitishi, na mpangaji ambaye ameshalipa pango na amana anabaki na duka lililofungwa. Au jina lililoandikwa kwenye mkataba halilingani na lile lililosajiliwa, faili linarudi, na mkataba unaandikwa upya kwa mwanasheria. Leseni ya meya hukatwa upya kila Januari, kwa kawaida mwisho tarehe 20. Ukichelewa, sheria ya serikali za mitaa inaruhusu nyongeza ya hadi asilimia 25 na riba ya hadi asilimia 2 kwa mwezi.

Serikali yao imelijua tatizo. Sheria ya mwaka 2018 inazipa ofisi siku 3 za kazi kwa shughuli rahisi, 7 kwa ngumu na 20 kwa za kitaalamu sana, na kishoka, yaani dalali wa vibali, anayekamatwa anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 6. Ni sheria nzuri, naiunga mkono. Lakini haigusi mzizi, nao ni kwamba anayetoa kibali ndiye anayeomba kura, na mara nyingi meya, mbunge na gavana ni watu wa ukoo mmoja. Katiba yao ya 1987 inapinga koo kushika madaraka hivyo, ila ikaliachia Bunge kazi ya kutunga tafsiri, na Bunge lililojaa watu wa koo hizo limepitisha miongo bila sheria ya jumla. Muuza duka anayeishi kwa fadhila za ukoo hawezi kuusema vibaya.

Mfano unaouma kuliko yote ni wa nazi, na watu wa Pwani na Visiwani watauelewa. Mwaka 1973, chini ya Rais Ferdinand Marcos, mkulima alianza kukatwa peso 15 kwa kila kilo 100 za mbata, kwa maelezo kwamba fedha ni za kutuliza bei za bidhaa za nazi. Mwaka 1975 fedha hizo zikanunua benki, na usimamizi wake ukaangukia mikononi mwa washirika wa rais. Mkulima alipewa stakabadhi. Hadi 2012 ndipo Mahakama ya Juu ilipoamua kwa mwisho kwamba hisa kubwa za kampuni ya San Miguel zilizonunuliwa kwa makato hayo ni mali ya serikali kwa manufaa ya wakulima wa nazi, na sheria ya mfuko wao ikapita 2021. Wengi waliokatwa walikuwa wameshazikwa.

Kuna wanaoutaja wizi ule kama ushahidi dhidi ya ubepari. Nakataa. Mkulima hakuuza kwa hiari wala kununua hisa kwa hiari. Alilazimishwa na amri ya rais. Soko huria lingempa nafasi ya kusema hapana.

Uwezo huo wa kusema hapana ndio kipimo changu, na kwa kipimo hicho Ghuba haipiti hata kama fedha zake ni nyingi. Mageuzi ya serikali ya Manila ya 2006 yaliweka dola 400 kwa mwezi kama mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani anayekwenda nje, na kupiga marufuku kumtoza ada ya kutafutiwa kazi. Lakini akifika Riyadh, kibali chake cha kuishi kiko kwa mwajiri. Saudia ililegeza masharti ya kuhama mwajiri mwaka 2021, na wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje ya mageuzi hayo. Dada wa Kenya aliye nyumba ya pili anayajua yote haya, tena kwa mshahara mdogo zaidi.

Marekani nayo ina mitego yake. Muuguzi anayeingia kwa ukaazi wa kudumu yuko huru kuhama hospitali, lakini mkataba wa wakala unaweza kumfunga kwa faini. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho New York iliamua kwamba faini ya dola 25,000 waliyowekewa wauguzi wa Kifilipino ilivunja sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa watu. Kabla ya kusaini, soma kipengele cha kuvunja mkataba, angalia kiasi, na uliza kama kinapungua kadiri unavyotumikia miezi. Kama hakipungui, tafuta wakala mwingine.

Na anayetaka kurudi na mtaji wake aanze na kiapo cha utii kwa Ufilipino. Mfilipino wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa Marekani hurejeshewa ule wa kwanza kwa sheria ya 2003, bila kuupoteza wa pili kwa upande wa Manila. Asipoapa, ardhi ya makazi anayoruhusiwa kununua ni mita za mraba 1,000 mjini au hekta 1 shambani. Akiapa, ananunua kama raia mwingine yeyote, kisha anapanga foleni ya leseni ya meya, ambayo kwa maoni yangu ingekatwa mara moja tu, siku ya kufungua duka.